Zipora na Moto Usio na Moshi

Katika Mlalo yote, huko Usambara, kuanzia kanisani juu mpaka sokoni bondeni, hapakuwa na mwanamke aliyeweza kuinua mchi wa Zipora bila kuguna. Mchi huo ulikuwa wa mti mgumu wa msituni, mrefu kupita kichwa chake, na aliuchonga mwenyewe, kwa sababu ule aliochongewa na mumewe Timotheo aliuona mwepesi kama kijiti cha kuchokorea meno. Timotheo alikuwa fundi seremala, mtu mpole, na maneno hayo aliambiwa mbele ya wageni. Akacheka. Angefanya nini? Alipomwoa alijua anamchukua nani.

Siku hizo, wakati wa Waingereza, kazi nzito haikufanywa na mtu peke yake. Mwenye shamba la kulima au mahindi ya kutwanga aliita ngemo. Majirani wanakuja, wanafanya kazi pamoja, wanalishwa vizuri, na siku nyingine wanakwenda kwa mwingine. Ngemo ya kutwanga ilikuwa na kinara wake. Kinara ndiye aliyeanzisha wimbo na ndiye aliyeufunga. Akishaanzisha, wanawake wote wanashusha michi kwa kufuata sauti yake, na ni marufuku kuweka mchi chini mpaka yeye afunge. Anayeuweka anaimbwa. Jina lake linatiwa ndani ya wimbo pale pale, pamoja na la mama yake aliyemlea vibaya, na atalisikia mtoni, atalisikia njiani, mpaka apatikane mvivu mwingine.

Mwanamwema, jirani yake Zipora, aliimbwa mpaka akazoea. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyetoka Tanga kufuata mume wa Kisambaa, na alisema wazi kwamba Mungu hakumpa mikono ya kutwangia. Yeye alikaa mlangoni na ungo, akipepeta pole pole na kusimulia habari za watu.

Ukinara Zipora aliupokea kutoka kwa mama mkwe wake, na aliupenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho, pamoja na mbuzi zake, na mbuzi zake alizipenda sana. Asitokee mtu akasema ni jambo dogo. Mwanamke hakuitwa barazani, hakuulizwa habari za kodi wala za mipaka. Lakini kinara akifungua kinywa, mlima mzima ulishusha mchi.

Ikaja vita ya Hitla, ukaja nao ule mwaka wa njaa. Mashine ya kusaga kule Mombo ilisimama kwa kukosa mafuta, na mashamba ya mkonge huko tambarare yalikuwa yanalilia unga wa vibarua. Ndipo akapanda mlimani mfanyabiashara mmoja wa Tanga, jina lake Mussa, mtu wa kofia nyeupe aliyeanza kupiga chafya tangu lori lilipopita Soni. Akasema, ninyi huku mna mahindi na mna mikono. Akakodi ghala la mawe lililojengwa zamani na Wajerumani, lenye bati juu na madirisha madogo ya mbao nene. Akaita ngemo kubwa kuliko zote zilizowahi kuitwa. Malipo ni chumvi na kaniki. Watu wakaja mbio, maana nguo wakati ule ilikuwa haionekani, na kuna waliokuwa wanakwenda shambani wamevaa magunia.

Sasa, ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Usambara hauna mchezo. Ukungu unashuka kutoka msituni, unakaa juu ya mji kama kuku anayeatamia. Mahindi yakavuta unyevu. Ukiyatwanga yanashikamana. Mussa akatafuta dawa yake: akaagiza magunia ya makaa, akakata mapipa akatengeneza seredani kubwa kubwa, yaani majiko ya makaa, akaziwasha nje mpaka makaa yakawa mekundu kabisa, kisha akaziingiza ghalani na kufunga madirisha yote kwa misumari ili ukungu usipate pa kupita. Mlango tu ndio uliachwa wazi kidogo kwa watu kupita, na huo nao uliwekewa gunia.

Wanawake waliingia wakashangaa. Wao walizoea kuni. Nyumba zao ziliezekwa kwa majani, moshi unapanda, unachujika darini, unatoka. Ukizidi, macho yanalia, unakwenda nje kupenga kamasi halafu unarudi. Moshi ni mkali lakini una adabu, unabisha hodi machoni kabla ya kuingia kifuani. Sasa wanaona moto mwekundu kama embe bivu, joto lake linafika mpaka kwenye ukuta wa mwisho, na hauna hata uzi mmoja wa moshi.

"Huu ndio moto wa waungwana," Zipora akasema, akinyoosha mikono yake juu ya seredani. "Mwanamke hatokwi na chozi. Tungeupata tangu zamani tungekuwa na macho ya wasichana."

Wote wakakubali. Wakapanga vinu, wakafunga nguo viunoni, na Zipora akaanzisha.

Mtu ambaye hakusikia kutwanga kule ghalani hawezi kuelezwa. Michi inashuka pamoja, bati linaitikia, kuta za mawe zinarudisha, mpaka watu waliokuwa sokoni chini walidhani lori linapanda. Zipora alikuwa katikati. Alirusha mchi juu, akapiga kofi, akaudaka kabla haujashuka, na hakukosa hata mara moja. Aliwaimba wote. Alimwimba Mussa na chafya zake. Alimwimba Secilia, yule mwanamke kijana aliyeolewa kutoka Gare, mwenye mabega mapana na mdomo mpana vile vile, na Secilia akamjibu humo humo ndani ya wimbo kwamba mchi wa mzee ni mzito kwa sababu umelowa jasho. Watu walicheka mpaka mapigo yakataka kupotea.

Jua la saa nne lilipopenya ukungu kidogo, Zipora alisikia kichwa kinagonga. Akadhani ni kelele za bati. Akaongeza sauti. Kichwa nacho kikaongeza. Kisha magoti yakaanza kuwa kama ya mtu mwingine, yako mbali, hayasikii yanachotumwa. Akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote mwili ulipomletea ubishi: akatwanga kwa nguvu zaidi. Mchi ukapanda. Akapiga kofi. Ukashuka, na mikono haikuwepo pale ilipotakiwa kuwepo. Ukaangukia ukingo wa kinu, kinu kikapinduka, mahindi yakamwagika, na Zipora akakaa chini juu yake kama mtoto anayejifunza kutembea.

Wimbo ulikatika. Wimbo wa kinara, katikati.

Walimtoa nje wakamlaza kwenye majani yenye umande. Akatapika. Baada ya muda akakaa, baada ya muda mwingine akasimama, na jioni alikuwa anakata majani ya mbuzi kama kawaida. Hilo ndilo lililomwumiza. Angekuwa na homa angekuwa na la kusema.

"Ana mimba," wakasema wengine.

"Mimba ya nini kwa umri ule," akasema Secilia. "Dada Zipora amechoka, basi. Mtu akichoka anapumzika, wenzake wanashika."

Na mbaya kuliko yote, Mwanamwema alikuwa mzima. Alikuwa amekaa humo humo tangu asubuhi, hewa ile ile, na hakusikia hata mbu. Kuna mdomo uliosema labda jicho la mtu wa pwani limefanya kazi yake. Mwanamwema aliposikia alicheka mpaka akafuta machozi. "Mimi nimroge Zipora? Akianguka yeye, nani atanibebea kuni?"

Bibi Efrazia, mwanamke mzee kuliko wote na mshika desturi za ngemo, akatoa neno. Kinara aliyekata wimbo wake mwenyewe hajawahi kuonekana. Wiki ijayo, siku ya gulio, Zipora na Secilia watasimama kila mmoja na kinu chake, mahindi kipimo kimoja, wimbo mmoja. Atakayemaliza kwanza ndiye kinara. Atakayeweka mchi chini kabla ya wimbo kufungwa, ameshindwa, hata kama kinu chake kimejaa unga mweupe kama maziwa.

"Nimekubali," akasema Zipora kabla bibi hajamaliza.

Alikuwa na jambo moja tu moyoni wiki ile: asiupoteze ukinara. Alikula mara mbili. Alilala mapema. Alimkataza Timotheo kumwambia pole. Lakini kichwani kulikuwa na kitu kinamkwaruza, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuogopa kuuliza, akaenda dispensari kwa dresa, yule wa kufunga vidonda na kutoa dawa.

Dresa alikuwa Rubeni, kijana Mbondei kutoka Muheza, mwembamba, kaptula imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niangalie kama ninakufa."

Rubeni akamwangalia macho, akamsikiliza kifua, akamwuliza habari za siku ile. Alipofika kwenye seredani, akaacha kuandika. Akasema makaa yakiungua ndani ya nyumba iliyozibwa yanatoa hewa mbaya. Haina rangi, haina harufu, haiwashi. Inaingia ndani ya damu inakaa mahali pa hewa nzuri, kama mtu anayekalia kigoda cha mwenzake. Ikizidi inaua. Ikiwa kidogo inaleta kichwa, kichefuchefu na miguu kulegea.

Zipora akamtazama kama anavyotazamwa mwuza ndizi anayesema ndizi zake zimetoka Ulaya.

"Moto usio na moshi."

"Ndiyo mama."

"Na Mwanamwema aliyekaa humo kutwa?"

Rubeni alitaka kujibu, lakini Zipora alikuwa ameshafika mlangoni. Yeye aliamini anachokijaribu.

Kesho yake ghalani hapakuwa na kutwanga, yalikuwa yanakaushwa mahindi tu. Akamwambia Mussa, nitakulindia. Mussa alifurahi sana, akaenda kuota jua. Zipora akavuta kigoda karibu kabisa na seredani, akatoa ukili wake, akasuka mkeka. Akasuka, akasuka. Kichwa kilimgonga kidogo sana, kama cha mtu aliyechelewa kula. Mchana ulipofika akasimama, akajinyoosha, akaona miguu yote miwili ni yake. Akakunja mkeka kwapani, akaenda dispensari akitembea kama askari.

Kulikuwa na foleni ya wagonjwa. Hakuijali.

"Bwana dresa, nimekaa kwenye hewa yako tangu asubuhi. Nimesuka mpaka hapa." Akamwonyesha mkeka. "Sijafa. Sasa waambie hawa watu ulichoniambia jana, wacheke nao."

Wagonjwa wakacheka bila kuambiwa. Masikio ya Rubeni yakawaka moto, lakini hakurudi nyuma.

"Ulikuwa unafanya nini humo, mama?"

"Nimesema. Nilikaa."

"Twende nje kidogo."

Mlima wa kwenda kanisani unaanzia pale pale kwenye mlango wa dispensari. Rubeni akaanza kuupanda haraka haraka, na Zipora, kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuachwa nyuma na mtu wa tambarare, akampita. Walipofika kwenye kona ya juu wote wawili wanahema, Rubeni zaidi.

"Sikiliza kifua chako," akasema akijishika mbavu. "Kinavuta namna gani?"

"Kinavuta kama mivuo ya mhunzi."

"Na ulipokuwa unasuka?"

Zipora akaweka mkono kifuani.

"Hewa ile mbaya ni kidogo, mama. Ndiyo maana haikuwaua. Lakini mtu aliyekaa anainywa kwa kijiko. Anayetwanga anainywa kwa kata. Na yule anayetwanga kuliko wote, anayeimba juu yake, huyo ameinamia mtungi mzima. Halafu misuli yake ndiyo inayodai hewa nzuri kuliko ya mtu yeyote, na kwenye damu hewa nzuri haina pa kukaa. Lazima aanguke yeye kwanza."

Upepo ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Zipora alisimama mikono kiunoni, akitazama lile bati la ghala chini, na hasira ikampanda mpaka akaona raha. Hakuzeeka. Hakuchoka. Alianguka kwa sababu alikuwa anafanya kazi kuliko wote.

"Sasa huu ni ushetani gani," akasema, "unaompiga mchapakazi na kumwacha Mwanamwema?"

"Ni hewa tu, mama. Haijui nani ni nani."

Alishuka mlima ule mbio, mwanamke wa watu mwenye watoto wakubwa. Alimkuta Mussa mlangoni pa ghala. Akamwambia ng'oa misumari, fungua madirisha. Mussa akamwonyesha ukungu. Akasema, mama yangu, unga ukifika Mombo umevunda wataniachia mimi. Zipora akawaendea wanawake wenzake mtoni. Aliwaeleza yote, kijiko, kata na mtungi. Walimsikiliza kwa heshima. Kisha Secilia akasuuza nguo yake akaikamua.

"Dada, tukifungua madirisha tutakufa kwa baridi. Na mimi pia natwanga, sikuanguka." Akatabasamu. "Kama hutaki siku ya gulio, sema tu hutaki. Moto umekukosea nini?"

Kicheko kilichofuata kilisikika ng'ambo. Zipora alirudi nyumbani na ndoo tupu. Alikuwa ameijua kweli, na kweli yenyewe ikawa inafanana kabisa na kisingizio cha mtu mwoga.

Timotheo akamwambia, "Usiende."

"Wakisema nimekimbia?"

"Basi twanga pole pole."

Zipora akaenda kulisha mbuzi zake, kwa sababu hilo halikuwa jibu la mtu mwenye akili timamu.

Siku ya gulio ikafika na ukungu mzito kuliko siku zote. Ghala lilijaa. Watu waliacha vitunguu vyao sokoni, wakaja kubanana kwenye kuta. Seredani zilikuwa zimewashwa tangu alfajiri, nyekundu, nzuri, kimya. Vinu viwili katikati. Bibi Efrazia kwenye kigoda. Mwanamwema mahali pake mlangoni na ungo wake, anatafuna muwa. Dresa Rubeni alisimama nyuma yake, ameshika kofia mkononi, hana raha.

"Anzisha," bibi akamwambia Zipora. "Wimbo bado ni wako."

Akaanzisha. Na ni lazima isemwe, siku ile aliimba kama hakuwahi kuimba. Alianza na mababu waliokuja na mkuki na mbwa, akashuka na maji ya mtoni, akapita shambani, akawataja waliokuwepo mmoja mmoja, na kila jina likaangukiwa na michi miwili kwa pamoja, tuu, tuu, na watu wote wakiitikia kwa miguu. Vumbi la unga likapanda. Secilia alikuwa mzuri. Zipora aliliona hilo kwa jicho la pembeni na likampendeza, maana kumshinda mtu dhaifu hakuna ladha. Mabega ya yule binti wa Gare yalipanda na kushuka bila kutikisika. Nusu ya mahindi ikakobolewa, Zipora yuko mbele kidogo. Watu wanapiga vigelegele. Akarusha mchi juu, kofi, akaudaka. Ghala likalia.

Ndipo kichwa kikabisha hodi. Mara moja. Zipora alikitambua kama anavyotambuliwa mgeni mwenye kikohozi chake.

"Karibu," akasema moyoni, "leo nakujua."

Akapunguza maneno ya wimbo ili avute pumzi chache. Akahesabu kilichobaki ndani ya kinu kwa macho: kidogo. Angeweza kufika. Alijua mwili wake, angeufikisha kwa kuuburuta. Akainua macho amwone mwenzake yuko wapi.

Secilia alikuwa anatabasamu. Lile tabasamu lilikuwa limesahaulika usoni, hakuna aliyeliangalia. Mchi wake ulishuka, ukagusa ukingo. Ukapanda. Miguu yake, Zipora aliitazama ile miguu, ilikuwa inahama hama kama inatafuta sakafu. Na hakuacha. Alifanya kile kile, akaongeza nguvu. Hakuna aliyemjua mwanamke yule wakati huo kama Zipora alivyomjua.

Watu wanashangilia. Kumalizia kulikuwa pale pale. Mapigo machache tu, Secilia ataanguka au atabaki nyuma, vyovyote vile ukinara umerudi nyumbani. Na nyuma ya Secilia ilikuwepo seredani, wazi, imejaa makaa.

Zipora alikata wimbo.

Alichukua mchi wake mabegani, akapita katikati ya watu, akawasukuma, mmoja akatukana, akafika kwenye dirisha la upande wa juu. Akaurudisha mchi nyuma kwa mikono miwili, akaupeleka kwenye zile mbao nene kama fahali anayekwenda kwa mwenzake. Mbao zikaguna. Akarudia. Mussa akapiga kelele kutoka mlangoni. Akarudia, na mara hii dirisha lote, mbao, misumari na kipande cha fremu, likaruka nje kwenye mteremko, na ukungu ukaingia ndani kama kundi la mbuzi lililofunguliwa zizini.

"Mshikeni Secilia," akasema. Hakupaza sauti, hakuwa na pumzi.

Rubeni alikuwa ameshamshika. Walimdaka kiuno chake kikiwa kinaelekea makaani, wakamtoa nje. Zipora hakungoja. Akaenda dirisha la pili akalitoa nalo, kwa usalama na kwa raha yake mwenyewe. Alipotoka nje alikaa kwenye majani karibu na Secilia, na wote wawili wakatapika kila mmoja upande wake kwa heshima.

Sasa watu, wakiwa nje kwenye baridi, wakaanza kuulizana. Aliyecheza sana kushangilia ana kichwa. Aliyebeba magunia asubuhi ana kichwa na magoti. Waliosimama kimya ukutani wana kidogo. Kila mtu akamtazama Mwanamwema.

"Mimi sina kitu," akasema, akitema kapi la muwa. "Miaka yote mnaniimba. Kumbe nilikuwa najitunza."

Hata Bibi Efrazia alicheka. Lakini bibi hakuwa mtu wa kusahau kazi yake. Kicheko kilipokwisha, akagonga fimbo.

"Zipora. Umeweka mchi chini kabla ya wimbo kufungwa."

"Sikuuweka chini. Niliuweka dirishani."

"Umeacha kinu. Umeshindwa."

Zipora akasimama. Miguu ilikuwa bado ya kukopa, lakini akasimama wima, na uso wake mchafu wa unga na matapishi haukumpunguzia chochote.

"Nimeshindwa na nani, bibi? Nitajie jina lake. Kama ni Secilia, Secilia huyu hapa amelala. Kama ni makaa, makaa yawe kinara, wiki ijayo yaje yawaanzishie wimbo."

Bibi Efrazia akaishusha fimbo. Desturi ilikuwa haina neno la mtu kama huyo.

Jibu likatoka chini, kwenye majani. "Vitolewe vinu nje," akasema Secilia, macho yamefumbwa. "Siyo leo. Leo hata kijiko siinui. Gulio lijalo, nje, ukunguni. Na dada asije akasema ni hewa."

Ikawa hivyo. Mussa aliununia ukungu lakini mahindi yalikaushwa ndani, madirisha wazi, bila mtu. Na kutwanga kukahamia uwanjani, wanawake wamejifunika magunia mgongoni mpaka damu ichemke. Gulio lililofuata watu walikuja hata kutoka upande wa Lushoto. Baridi ilikuwa inauma vidole, pumzi zinatoka vinywani kama mvuke wa sufuria, na kila mtu angeweza kuona ni nani anavuta nyingi.

Waliimba wimbo ule ule. Walikwenda sawa, mchi kwa mchi, mpaka watu wakaacha kushangilia wakawa wanaguna tu pamoja nao. Na Secilia akamaliza kwanza. Kwa mapigo machache, lakini kwanza. Akainua ungo wake, unga mweupe, safi.

Watu wakamgeukia Zipora. Zipora akautazama ule unga, akachukua kidogo kwa vidole, akaonja. Akaangalia mabega ya Secilia, yanavyopanda na kushuka kwa hewa nzuri ya Mungu.

"Hapo sawa," akasema. "Huyu namjua."

Akamkabidhi wimbo, akasimama kwenye mstari pamoja na wengine, na Secilia alipoanzisha, mchi wa Zipora ndio uliosikika kuliko yote.

Mwaka uliofuata alimshinda, uwanjani pale pale, mbele ya watu wale wale. Hilo nalo liandikwe.